Jeki, wili spana zinapokosekana katika gari lililotoka Japan

MNUNUZI wa gari lililotumika kutoka Japan hukagua injini, rangi, viti na idadi ya kilomita, lakini ni wachache wanaoinua zulia la buti na kutazama kilicho chini yake. Huko ndiko kiwanda huweka jeki na mpini wake, wili spana, ndoano ya kuvutia gari na, kwa magari mengi, tairi la akiba. Gari hilo hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe: mmiliki wa kwanza, mnada, meli, bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, na yadi ya muuzaji. Si ajabu kifaa kimoja au viwili vikabaki njiani, na upungufu huo hugundulika siku ya pancha.

Pancha ya mjini ni usumbufu tu, kwani fundi hayuko mbali. Hali ni nyingine kabisa usiku katika barabara ya Morogoro hadi Iringa, pale inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, malori yakipita karibu na wanyama wakiwa pembeni. Hapo spana moja iliyokosekana huweza kumlaza dereva na familia yake ndani ya gari hadi asubuhi.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kuhakikisha kwamba kifaa hakipo kweli. Viwanda havifuati utaratibu mmoja. Baadhi ya magari huficha jeki nyuma ya kifuniko cha ubavu wa buti, mengine chini ya kiti, na mengine katikati ya rimu ya tairi la akiba. Kitabu cha gari, hata kikiwa cha Kijapani, kina michoro inayoonyesha mahali hapo.

Jeki ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Magari mengi madogo hutoka kiwandani na jeki ya mkasi, ile inayopanda kwa kuzungusha skrubu. Kichwa chake kina mfereji unaopokea ukingo wa bati chini ya milango, mahali palipoimarishwa kwa ajili ya kupigia jeki. Jeki isiyolingana na ukingo huo huukunja, au huteleza na kuliangusha gari likiwa halina gurudumu. Kwa hiyo jeki ya gari jingine, hata ikiwa mpya, si lazima ifae. Mpini nao hutofautiana: jeki nyingine hupokea ndoano, nyingine huzungushwa kwa spana yenyewe.

Wengi hukimbilia jeki ya mafuta yenye umbo la chupa, kwa kuwa inapatikana katika kila duka la vipuri na ina nguvu. Kosa linalofanyika ni kutazama tani na kusahau kimo. Jeki ya chupa ya tani 2 huwa na kimo cha karibu sentimita 18 hata ikiwa imeshushwa kabisa. Tairi likiisha upepo gari hushuka, na kwa gari dogo nafasi inayobaki chini ya ukingo inaweza kuwa pungufu ya hapo. Dereva hujikuta ana jeki yenye uwezo wa kuinua gari lake lote, lakini haiingii chini yake. Aidha, jeki yoyote ya aina hizi ni ya kubadilishia gurudumu tu. Kuingia uvunguni gari likiwa limeshikiliwa nayo peke yake ni kuhatarisha maisha.

Kwa upande wa wili spana, kazi ni nyepesi zaidi. Nati za magurudumu za magari mengi ya Toyota, Nissan na Mitsubishi huchukua spana ya milimita 21, ilhali za Honda, Suzuki na Subaru nyingi huchukua milimita 19. Magari ya Volkswagen na BMW kwa kawaida hutumia bolti za milimita 17. Spana ya msalaba yenye vipimo vyote hivyo inatosheleza mahitaji ya wengi, isipokuwa kwenye rimu za aloi ambazo matundu yake ni membamba na ya kina. Huko spana nene haiingii, na itahitajika soketi ndefu yenye ukuta mwembamba.

Mtego mwingine ni nati ya kufuli, moja kwa kila gurudumu, ambayo haifunguki bila ufunguo wake maalumu. Ufunguo huo ni kipande kidogo cha chuma, na mara nyingine hukutwa kwenye kisanduku cha dashibodi. Usipopatikana, ni heri kumpelekea fundi gari mapema azitoe nati hizo na kuweka za kawaida.

Wenye magari kama Hilux na baadhi ya Land Cruiser Prado wana tatizo lao. Tairi la akiba la magari hayo hufungwa uvunguni kwa mnyororo, na hushushwa kwa fimbo ndefu inayopitishwa kwenye tundu la nyuma ya gari. Fimbo ikipotea, tairi linaonekana lakini halishuki. Hata wenye fimbo wanashauriwa kulishusha tairi mara kwa mara, kwani vumbi na kutu hugandisha kifaa hicho.

Ndoano ya kuvutia gari hufungwa kwenye tundu lenye hesi nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Hesi hizo hutofautiana, na baadhi ya magari ya Ulaya hufunga kwa kuzungusha kinyume. Wapo wanaofunga kamba kwenye matundu ya uvunguni, bila kujua kwamba baadhi ya matundu hayo yaliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari lisisogee melini, si kwa kuvutia.

Magari kadhaa ya miaka ya karibuni hayana kabisa tairi la akiba. Badala yake yana pampu ndogo ya umeme na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Dawa hiyo ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na katika gari la miaka saba au minane huenda imekwisha kupita. Isitoshe, haizibi tairi lililochanika ubavuni.

Vifaa vya asili vilivyotumika hupatikana kwa wauza vipuri wa Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Mnunuzi aende na namba ya chesisi, ambayo sehemu yake ya mwanzo, kama NZE121 kwa baadhi ya Corolla, hutambulisha aina ya gari. Kisha aijaribu jeki na spana nyumbani, mahali tambarare, kwa kubadilisha gurudumu moja.

Pembetatu za kuakisi mwanga zinunuliwe pembeni. Sheria ya Japan hulitaka kila gari liwe na kifaa cha kuashiria hatari, ambacho kwa kawaida ni fataki, hivyo magari mengi ya huko huja bila pembetatu, na dereva hubaki akikata matawi ya miti ya kutandaza barabarani.