Kawia Ufike: Mabibi wa Ziwani Waliojichapishia Vitabu

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufuo wa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ndipo mji wa Kisumu. Tangu hapo sisi watu wa pwani tumeujua mji huo kwa habari za biashara: samaki, pamba, sukari na meli za kuvuka Ziwa. Wachache wetu wameujua kwa habari za vitabu. Hali huko Kisumu, katika miaka ya themanini ya karne iliyopita, lilifanyika jambo linalotuhusu sana sisi ambao tenzi na hadithi za wazee wetu zingali zimelala masandukuni.

Jambo lenyewe ni kwamba mabibi wawili, watu wazima wenye kazi zao na jamaa zao, walikataa kungoja mchapishaji wa Nairobi au wa London aje awapigie hodi. Walitoa vitabu vyao wenyewe, mjini kwao, na baadhi yake kwa lugha ya mama zao. Mmoja ni marehemu Bi. Asenath Bole Odaga, na wa pili ni marehemu Bi. Grace Ogot.

Bi. Asenath alizaliwa mwaka 1937 huko Rarieda, upande wa Siaya. Alisomea ualimu, akafundisha, akaolewa, akalea. Kitabu chake cha watoto, Jande's Ambition, kilitolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1966. Kwa hiyo kalamu aliishika mapema, lakini kwa miaka mingi kalamu hiyo ilikuwa kazi ya ziada, baada ya kazi ya mshahara na ya nyumbani. Digrii yake ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, alipokuwa na umri wa miaka 37. Ya pili aliipata mwaka 1981, huku akifanya utafiti wa fasihi simulizi katika chuo hicho hicho.

Mwaka huo wa 1981 kilitoka kitabu chake cha ngano za Kenya kwa Kiingereza. Kilichapishwa wapi? Uskochi. Msomaji na apime mwenyewe umbali huo. Ngano zilizosimuliwa usiku katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi mzee ambamo wasichana wa Kiluo walilala na kufundwa, zilisafiri mpaka kaskazini mwa Uingereza ndipo zikapata karatasi na wino.

Mwaka uliofuata, 1982, Bi. Asenath akiwa na umri wa miaka 45 aliiacha kazi ya Chuo Kikuu, akafungua Kisumu kampuni yake ya kuchapisha vitabu, Lake Publishers and Enterprises. Alifungua pia duka la vitabu, akaliita Thu Tinda. Maneno hayo ndiyo ambayo msimulizi wa Kiluo huyatamka anapofikia mwisho wa ngano yake, kama vile kwetu msimulizi anavyosema hadithi imekomea hapo.

VITABU VYA LUGHA YA NYUMBANI

Kati ya vitabu vya mwanzo vya kampuni hiyo kimo Ange ok tel, cha mwaka 1982, kilichoandikwa kwa Kiluo. Jina lake lasema kwamba majuto hayatangulii. Sisi twasema majuto ni mjukuu, nao wameliona jambo lile lile kwa jicho lao. Mwaka 1983 kikatoka Simbi Nyaima, chenye ngano ya ziwa dogo lililoko karibu na Kendu Bay, ule mji wa ziwani wenye msikiti mkongwe na Waislamu wa tangu zamani.

Ngano hiyo yasema kwamba palikuwa na kijiji kilichokuwa katika karamu ya pombe. Akaja bibi kizee, mchafu na mwenye njaa, akaomba chakula. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia akampa riziki, naye kizee akamwonya aondoke upesi pamoja na jamaa zake. Usiku ule maji yakakifunika kijiji chote, na ziwa hilo mpaka leo lipo. Msomaji anayezijua habari za kaumu zilizoangamizwa kwa kiburi hatahitaji kufasiriwa maana yake.

Riwaya za watu wazima zilifuata. The Shade Changes ilitoka mwaka 1984. Between the Years na A Bridge in Time zilitoka mwaka 1987, mwandishi akiwa ametimiza miaka 50. Zote tatu zilitoka Kisumu, kwa jina la kampuni yake mwenyewe. Wala hakuishia hapo. Mwaka 2005, akiwa na miaka 68, alitoa kamusi ya Kiluo na Kiingereza. Alifariki dunia tarehe 1 Desemba 2014.

Bi. Grace Ogot alimtangulia kwa umri, kwani alizaliwa Asembo mwaka 1930. Alikuwa muuguzi na mkunga aliyesomea Uganda na Uingereza, akawa mtangazaji wa BBC, na baadaye mbunge na waziri mdogo. Riwaya yake The Promised Land, juu ya mume na mke wanaohama Nyanza kutafuta ardhi Tanganyika, ilitoka mwaka 1966 na kumpa jina kubwa. Lakini alipokwenda na hadithi zake za awali katika ofisi ya East African Literature Bureau, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, hakueleweka. Walistaajabu vipi mwanamke Mkristo aandike mambo ya matambiko na waganga badala ya kuandika juu ya wokovu.

Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 51, alitoa Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul, vitabu vya Kiluo, kwa jina la Anyange Press ya Kisumu, nyumba ya vitabu ya jamaa yake na mumewe, mwanahistoria Profesa Bethwell Ogot. Hata maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, Days of My Life, yalitoka katika nyumba hiyo mwaka 2012. Alifariki mwaka 2015.

GHARAMA YA KUJITEGEMEA

Tusije tukadhani kwamba kujichapishia ni mteremko. Mchapishaji wa kawaida hulipia kusahihisha mswada, kupanga herufi, kununua karatasi na kupiga chapa, kisha humpa mwandishi mrabaha, ambao mara nyingi ni kama sehemu moja katika kumi ya bei. Ajichapishiaye hutoa fedha zote kwanza. Mpiga chapa hataki maneno, ataka malipo. Kisha makasha ya vitabu hujaa sebuleni, na mwandishi hugeuka mchuuzi. Mwenye duka naye huvipokea kwa mali kauli: vikiuzwa atalipa, visipouzwa vitarudi vumbi juu.

Tena soko la Kenya lina tabia yake. Kitabu kinachouzwa sana ni cha shule. Riwaya isiyokuwa katika orodha ya mitihani hungoja mnunuzi mmoja mmoja. Bi. Asenath aliyajua hayo. Yeye na S. Kichamu Akivaga waliandika kitabu cha fasihi simulizi kwa shule za sekondari, kilichotolewa na Heinemann mwaka 1982. Mwaka 1984 kampuni yake ikatoa kingine juu ya somo hilo hilo, Yesterday's Today. Yeyote anayetaka kuuza riwaya katika nchi hii na aitazame hesabu hiyo, maana kitabu cha darasani ndicho kinachoweza kuilisha riwaya.

Wako pia wanaosema kwamba ajichapishiaye amelikimbia chujio. Hawakosei kabisa. Nairobi katika miaka ya sabini, David Maillu alianzisha Comb Books, akauza kwa wingi vijitabu vyake vya mapenzi na ulevi, hata Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Wengi wakashika kwamba mwenye kujichapishia hutafuta uhuru wa kuandika lolote. Mfano wa Kisumu waonyesha upande wa pili. Hapa uhuru ulitafutwa ili kuhifadhi ngano ambazo wakubwa wa vitabu hawakuona faida ndani yake, tena kwa lugha ambayo mkulima wa Siaya aweza kuisoma bila mkalimani.

Hata hivyo, kinyozi hajinyoi. Mswada usiopitiwa na jicho la mwingine hutoka na makosa ambayo mwandishi hayaoni, kwa sababu macho yake husoma alichokusudia, si alichoandika. Ajichapishiaye humhitaji msahihishaji kuliko mwandishi mwingine yeyote, naye msahihishaji ni wa kulipwa ujira wake. Mwandishi anayeanza kubana fedha na abane kwenye rangi za jalada.

SISI WA PWANI JE?

Pwani haikuwa ngeni wa jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Mombasa karatasi yake Sahifa mwaka 1930, na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kwa sababu aliona Waislamu wa pwani wana ya kuambiwa na hakuna wa kuwaambia. Hakungoja ruhusa ya mhariri wa mbali. Lakini kumbuka pia yaliyompata Muyaka bin Haji. Mshairi huyo wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940 huko Johannesburg, Afrika Kusini, kwa mkono wa mhariri Mwingereza, W. Hichens. Na hata hivyo tuliipata kwa bahati, kwa kuwa Mwalimu Sikujua na wenzake waliyahifadhi mashairi hayo vifuani na vitabuni mpaka yakaandikwa. Miaka mia moja ni muda mrefu wa kungoja, na mengi ya watu wengine yalipotea njiani bila kuwa na Sikujua wao.

Leo kazi imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mwaka 1982. Kompyuta imeondoa gharama ya kupanga herufi kwa mkono, na mashine za siku hizi zaweza kutoa nakala hamsini tu, ambapo zamani mpiga chapa hakushughulika na chini ya mamia. Lililobaki gumu ni lile lile: kuandika mpaka mwisho, kumpata msahihishaji mkweli, na kukipeleka kitabu mikononi mwa watu.

Liko na jingine ambalo wengi hulisahau. Kampuni ya mtu mmoja hutegemea pumzi za mtu mmoja. Mwenyewe akiondoka, na warithi wasipokuwa na hamu, kitabu hakirudiwi kupigwa chapa. Basi ajichapishiaye na aiandike haki ya vitabu vyake katika wasia wake kama anavyoandika nyumba na shamba, awataje watakaoisimamia. Nakala mbili tatu na azipeleke maktaba ya mji na ya chuo, ambako zitakaa hata kama duka limefungwa.

Msomaji wetu aliyekwisha pita miaka hamsini, mwenye daftari la hadithi alizosikia kwa bibi yake Lamu, Vanga au Kisauni, asijione amechelewa. Wahenga walisema kawia ufike. Mabibi wa Kisumu walianza kazi hii wakiwa na miaka 45 na 51, nao walikuwa na shughuli nyingi kuliko wengi wetu. Daftari na lifunguliwe wiki hii, na yule mjukuu ajuaye kupiga taipu aitwe aketi karibu, wakati mwenye hadithi angali yupo wa kumsahihisha jina la mtu na la mahali.