Mlinzi wa Mgonjwa Aliyelala

Leo napenda kuwaeleza jinsi mgonjwa anavyolindwa anapopewa dawa ya usingizi ili apasuliwe. Hapa Nyamwaga nimewasikia wengine wakisema kwamba hawakiogopi kisu cha mganga, bali wanauogopa usingizi ule. Huuliza, "Je, nisipoamka?" Swali hilo si la kipumbavu, nalo lastahili jibu.

Usingizi wa dawa si sawa na usingizi wa usiku. Mtu aliyelala nyumbani, pumzi ikimzibika, hugeuka au huamka. Aliyelala kwa dawa hawezi kugeuka, wala kukohoa, wala kuita. Ulimi wake waweza kurudi nyuma ukaziba njia ya pumzi, na ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kufa. Wala hatari hii haiangalii udogo wa kazi. Mwaka 1848, huko Uingereza, msichana wa miaka 15, jina lake Hannah Greener, alipewa klorofomu ili aondolewe ukucha wa kidole cha mguu, akafa papo hapo.

Kwa sababu hiyo mtaalamu wa dawa ya usingizi humlinda mgonjwa kama mchungaji alindavyo ng'ombe: haondoki, hata kundi likiwa limetulia. Husikiliza moyo, hupima msukumo wa damu, hutazama kifua kikipanda na kushuka. Zamani alitegemea pia rangi ya midomo, lakini rangi hubadilika hatari ikiwa imekwisha kuingia, tena katika ngozi nyeusi ni vigumu kuitambua.

Mwaka 1974 Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, alieleza njia iliyo bora. Chombo kidogo hubana kidole kama kibanio cha nguo, kikapitisha mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni tele huupokea mwanga huo tofauti na damu iliyopungukiwa, na chombo hufanya hesabu. Kwa mtu mwenye afya hesabu huwa 95 hadi 100 kwa mia. Ikishuka chini ya 90, ni hatari. Vyombo vingi vya chumba cha kupasulia hulia kwa kila pigo la moyo, na sauti huzidi kuwa nzito kadiri oksijeni inavyopungua.

Lakini chombo hakitoshi pasipo watu makini. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya maswali katika hospitali nane za ulimwengu, mojawapo ikiwa Ifakara, katika nchi yetu. Wahudumu huulizana kwa sauti: Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Kipimo cha kidole kinafanya kazi? Katika hospitali hizo nane vifo vilipungua, kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8.

Nanyi jamaa za mgonjwa mna sehemu yenu. Akikatazwa kula, msimpe uji kwa siri kwa kumhurumia. Akiisha kulala, chakula chaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni, naye hawezi kukikohoa. Ikiwa amekwisha kula, semeni bila haya. Kazi yaweza kungoja. Tajeni pia kila dawa anayotumia, hata ya miti shamba.

Basi, kwa leo nakoma hapa. Kwaherini.