"Hiyo ni ya Nchi za Baridi": Maneno Yanayoua Kirikuu Mpya Hapa Mjini

Wadau wa kuuza mtandaoni, leo tuongee gari la mzigo.

Wengi tunaanza kwa kumpa bodaboda mzigo. Oda zikiongezeka unahamia bajaji. Zikiongezeka tena unaanza kuota kirikuu, ile pikapu ndogo, Suzuki Carry au Daihatsu Hijet, ambayo imejaa Kariakoo kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Gerezani. Mimi nauza mapazia na vyombo vya ndani, na huu ni mwaka wa tatu kirikuu yangu inatoka Kariakoo kwenda Mbagala, Tegeta na Kigamboni. Kila wiki napata ujumbe wa mtu kaagiza ya kwake, anauliza aanze na nini. Jibu ndilo hili, lote kwa pamoja.

Kirikuu nyingi tunazoita mpya zimeshatumika Japani. Mpya maana yake haijawahi kukanyaga lami ya Bongo. Ikishapewa namba, mwenye gari anakwenda kuweka muziki na kuandika jina la duka mlangoni. Kisha anaipeleka kwa fundi wa kwanza anayemwona, na hapo anaambiwa maneno sita: "Hiyo ni ya nchi za baridi." Fundi anamwaga kulanti, anang'oa thamostati, anaweka oili nzito, anasema sasa gari limezoea Dar.

Ukweli ni kwamba gari linalotoka nchi ya baridi lina vitu vya kubakisha, vya kuosha na vya kutoa kabisa. Ukivichanganya, gari la mkopo linakufa kabla mkopo haujaisha. Tuvipange.

1. KULANTI: IBAKI

Kweli kulanti inazuia maji ya injini yasigande kwenye baridi. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji safi, haigandi mpaka baridi ifike kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Hapa Dar hatufiki huko hata ndotoni. Lakini kazi zake zingine mbili tunazihitaji kuliko hata Wajapani.

Ya kwanza, inachelewesha kuchemka. Maji matupu yakiwa wazi huku pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Mchanganyiko ule wa nusu kwa nusu unavuka hapo kwa nyuzi kadhaa, na mfuniko wa rejeta ukiwa mzima unabana presha na kupandisha kiwango hicho zaidi. Sasa fikiria mchana wa Februari, foleni ya Msimbazi, gari limebeba, hakuna upepo unaoingia mbele. Hizo nyuzi chache ndizo zinazokufikisha kwa mteja.

Ya pili, ina dawa ya kuzuia kutu ndani ya injini. Maji ya bomba hayana dawa hiyo. Na maji ya kisima hapa Dar, sehemu nyingi, ni ya chumvi. Ukijaza hayo kwenye rejeta unapika chumvi ndani ya injini kila siku: yanakula bati, yanaacha magamba, na njia ndogo za maji zinaziba.

Cha kufanya: nunua kulanti inayokubaliana na gari lako. Usifuate rangi, soma maandishi ya chupani. Kama haijachanganywa tayari, ichanganye na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri, na uhakikishe si asidi. Kwenye Carry na Hijet injini iko chini ya kiti au nyuma yake wakati rejeta iko mbele, kwa hiyo mabomba ni marefu na hewa inanasa humo. Mwambie fundi aitoe hewa yote kabla hujaondoka. Na kamwe usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

2. THAMOSTATI: IBAKI

Hii ndiyo inayong'olewa zaidi. Ni kimlango kidogo kwenye njia ya maji. Injini ikiwa ya baridi kinafunga ili ipate joto haraka. Ikipata joto kinafungua maji yaende rejeta. Hoja ya fundi ni kwamba kwetu joto lipo muda wote, mlango wa nini?

Injini ina joto lake la kazi, na joto hilo halitegemei kama uko Hokkaido au Ilala. Ukitoa kimlango, injini inachelewa kupata joto lake. Inakula mafuta zaidi, vyuma vinasagana zaidi, na oili inachafuka haraka. Sisi wa safari fupi fupi, Kariakoo hadi Magomeni, zima, washa, Magomeni hadi Sinza, ndio tunaoumia zaidi, maana injini haikai kwenye joto lake hata kidogo.

Kama gari linachemsha, thamostati kuharibika ni sababu moja tu kati ya nyingi. Inaweza kuwa feni haiwaki, rejeta imeziba vumbi na mifuko ya plastiki, mfuniko umechoka au kuna uvujaji. Thamostati mbovu inabadilishwa kwa nzima. Kuitoa moja kwa moja ni sawa na kuvunja kipimajoto ili mgonjwa apone.

Kuna kitu kingine cha nchi za baridi kitakuokoa barabarani: hita. Mshale wa joto ukianza kupanda kwenye foleni, zima AC kama unayo, fungua madirisha, washa hita kwenye moto wa juu na feni ya juu. Utatoka jasho, lakini hita inachukua joto la injini. Inakupa dakika za kutoka barabarani na kupaki salama. Ndiyo maana fundi akitaka kukata mabomba ya hita, mkatalie.

3. OILI: USIKIMBILIE NZITO

Kwenye kopo la oili unaona 5W-30. Hiyo W ni ya majira ya baridi: namba iliyo mbele yake inasema oili inapita vipi injini ikiwa ya baridi. Namba ya nyuma, 30, inasema uzito wake injini ikiwa ya moto. Mtu anaona W anasema si yetu, anaweka nzito ya lori.

Injini ya kirikuu ni ndogo, sentimita za ujazo 660 kwenda chini, na njia zake za oili ni nyembamba. Oili nzito kupita kiasi inachelewa kufika juu kila unapowasha. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hata kama ni Kijapani, namba zinasomeka. Badala ya kuongeza uzito, punguza kilomita. Kwa kazi yetu ya mzigo, vumbi na foleni, mimi namwaga kila kilomita 3,000 na kubadilisha chujio lake. Tarehe na kilomita naandika kwenye daftari lile lile la oda.

4. CHUMVI YA CHINI: IOSHWE KABLA YA KITU CHOCHOTE

Watu wengi hawalijui hili. Sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, Tohoku na Niigata, wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inarukia chini ya gari na kukaa kwenye fremu, mabomba ya breki na mikunjo ya bodi. Juu gari linang'aa, chini linaliwa. Kisha linakuja Dar, mji wa bahari, likutane na unyevu na chumvi ya hapa.

Kabla hujalipa: muombe wakala karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari tafuta herufi S, ambayo ni kutu, na C, ambayo ni bati kuliwa. Omba picha za chini, si za mbele na kiti tu. Uliza lilikuwa mkoa gani. Wakala akikwepa swali la picha za chini, hilo ni jibu tosha.

Gari likishafika, wiki ya kwanza:
- Lipeleke likainuliwe, lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na presha ya kutosha. Waulize wa kaosho maji yao ni ya bomba au ya kisima. Kama ni kisima, onja tone moja kidoleni.
- Liache likauke kabisa, hata siku nzima juani.
- Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, halafu ipakwe rangi ya kuzuia kutu.
- Mwisho kabisa ndiyo ipigwe ile dawa nyeusi ya kukinga chini.

Usikubali mpango ugeuzwe. Ukipiga dawa nyeusi juu ya chumvi na unyevu, umefunga mwizi ndani ya nyumba. Simamia pia matundu ya kutolea maji yasizibwe, na dawa isiguse breki wala ekzosi. Mtu akikwambia upake oili chafu ili kuokoa hela, mwambie asante, halafu ondoka. Inakula mipira ya chini ya gari, inashika vumbi, na ikifika kwenye breki ni hatari.

Baada ya hapo chumvi ya Dar inaendelea. Ukivuka na pantoni kwenda Kigamboni, au ukifanya kazi za ufukweni, suuza chini kila wiki. Ukibeba samaki kutoka Feri, weka turubai chini ya makasha, maana barafu ikiyeyuka maji yale ya chumvi yanaingia moja kwa moja kwenye viungo vya bodi. Ukimaliza mzigo, mwaga maji siku hiyo hiyo.

5. TAIRI ZA THELUJI: HIZI TOA

Hapa maneno ya fundi ni sahihi. Baadhi ya magari yanafika na tairi za majira ya baridi. Utazijua kwa neno STUDLESS ubavuni au alama ya kipande cha theluji, na mpira wake ni laini. Umetengenezwa usikakamae kwenye barafu. Kwenye lami ya Dar ya mchana unaisha haraka, na ukiwa na mzigo gari linayumba na breki zinachelewa. Meno yanaweza kuonekana mapya kabisa, usidanganyike.

Angalia pia umri. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Unaponunua nyingine, chukua tairi za mzigo za saizi iliyoandikwa kwenye gari, si za gari dogo la kutembelea.

6. BETRI, MAFURIKO NA UZITO, KWA HARAKA

Betri: baridi inaonyesha betri iliyochoka, lakini joto ndilo linaloichosha. Safisha vichwa vyake, kaza nyaya, pima chaji kabla ya msimu wa oda nyingi. Usingoje igome asubuhi ya mkesha wa Idi.

Mafuriko: masika, Machi hadi Mei, Jangwani ikijaa maji usijaribu. Gari likizima ndani ya maji, usipige stata tena. Maji yakiingia kwenye silinda yanapinda vyuma vya injini. Lisukumwe nje, fundi akague kwanza. Na hata kama limepita salama, kagua oili ya gia boksi na ya difu. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Uzito: kwa sheria ya Japani pikapu hizi zinabeba mwisho kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji. Najua mtaani zinabebeshwa zaidi ya mara mbili ya hapo, halafu tunasema "Mjapani siku hizi anatengeneza vibovu". Ukiwa na mzigo mkubwa, piga trip mbili. Mteja wa trip ya pili mjulishe mapema kwa WhatsApp, wengi wanaelewa.

SASA PIGA HESABU YAKO

Chukua daftari. Andika oda unazopeleka kwa siku na faida ya kila moja. Zidisha kwa siku kumi na nne, ambazo ni rahisi sana gari kukaa gereji likisubiri injini. Ongeza nauli za bodaboda za kuokoa wateja waliokwisha kulipa, na wale wawili watatu watakaoandika kwenye ukurasa wako kwamba wewe ni tapeli. Halafu nenda Gerezani uulize bei ya kulanti, thamostati na kuosha chini. Weka namba hizo mbili pamoja uzitazame.

Na siku nyingine ukiambiwa "hiyo ni ya nchi za baridi", muulize fundi swali moja kwa heshima: "Sawa kaka, inafanya kazi gani?" Akikueleza, ni fundi, msikilize. Akicheka tu na kushika spana, chukua funguo zako.

Mtumie hii mwenzako aliyeagiza gari na linasubiriwa bandarini. Na wewe mwenye kirikuu tayari: thamostati yako ipo, au ilishang'olewa? Kesho asubuhi muulize fundi wako.