Siku Ishirini na Moja



Hapana nyumba yetu hata moja huku Texas isiyoujua mlio wa simu ya usiku wa manane. Mtu huamka, moyo ukamwenda mbio, akajiuliza kabla hajaipokea: ni mama, au ni ndugu? Mwaka 2020, wakati wa Korona, tulimzika ndugu yetu wa Tanga kwa simu, tumeketi sebuleni na misahafu mapajani, tukisikia majembe tusiyaone. Ndiyo maana tumeona tuandike juu ya familia mbili zilizotenganishwa na maradhi mwaka 2014. Zote mbili zinahusika na miji hii tunayoishi, na moja kati yake, twaamini, haikutendewa kama nyingine.

Familia ya kwanza ni ya wamisionari. Dk. Kent Brantly alijifunza utabibu wa familia katika hospitali ya John Peter Smith, Fort Worth. Mwezi wa Oktoba 2013 alihamia Monrovia, mji mkuu wa Liberia, pamoja na mkewe Amber, ambaye ni muuguzi, na watoto wao wawili wadogo, ili kufanya kazi katika hospitali ya wamisionari iitwayo ELWA. Miezi michache baadaye Ebola ikaingia nchini humo, na ilipofika Juni 2014 hospitali ile ikaanza kupokea wagonjwa wake. Daktari akawa miongoni mwa waliowahudumia.

Tarehe 20 Julai mke na watoto walipanda ndege kuja Texas kuhudhuria arusi ya jamaa yao. Baba angewafuata baada ya siku chache. Tarehe 23 aliamka na homa. Alijifungia nyumbani mwake peke yake, na tarehe 26, siku ya Jumamosi, vipimo vikathibitisha kwamba ni Ebola. Habari hiyo ilimfikia mkewe kwa simu, akiwa Abilene, magharibi ya Fort Worth.

Tuzingatie hizo siku tatu. Mtu aliyeambukizwa Ebola hamwambukizi mwenziwe kabla dalili hazijamtokea. Ugonjwa hupita kwa damu na majimaji ya mwili wa aliyekwisha kuugua, au wa maiti yake. Dalili huweza kutokea tangu siku ya pili hata ya ishirini na moja. Basi lau wangalichelewa siku tatu tu, watoto wale wangaliamka pamoja na baba yao na kumpandia kitandani, kama wafanyavyo watoto wote asubuhi. Hivyo utengano uliomtesa yule mama ndio uliomlindia wanawe. Hata hivyo yeye na watoto waliangaliwa kwa siku ishirini na moja, wakipimwa homa. Naye, kwa kuwa muuguzi, hakuwa na ujinga wa kumfariji: alijua vyema jinsi gonjwa hili linavyoua. Katika mkumbo ule wa Afrika Magharibi waliougua walizidi 28,600, na waliofariki walizidi 11,300.

Daktari alipewa damu ya kijana mmoja aliyekuwa amepona, kisha dawa ya majaribio iitwayo ZMapp. Tarehe 2 Agosti aliletwa kwa ndege maalumu hadi Atlanta, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory. Mkewe alifika, lakini hakuweza kumgusa. Walitazamana kwa kioo. Tarehe 21 Agosti alitoka hospitalini amepona, akiwa ameshikana mkono na mkewe, na wauguzi waliomtibu akawakumbatia mmoja mmoja.

Mkasa huo magazeti ya Marekani yaliuandika ya kutosha, wala sisi tusingeurudia lau mwezi uliofuata usingalituletea wa pili, hapa hapa Dallas.

Tarehe 20 Septemba 2014 Thomas Eric Duncan, raia wa Liberia, aliwasili Dallas. Alikuja kwa Louise Troh, mama wa mwanawe. Wawili hao walijuana ukimbizini nchini Ivory Coast wakati wa vita vya kwao. Mama akaletwa Marekani mwaka 1998, baba akabaki. Walikuwa wameazimia kufunga ndoa. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa miaka kumi na sita ya namna hiyo ina uzito gani.

Walikaa pamoja siku nane tu. Usiku wa tarehe 25 mgeni alikwenda hospitali akiwa na homa, akamweleza muuguzi kwamba ametoka Afrika, akapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Tarehe 28 alichukuliwa na gari la wagonjwa. Tarehe 30 ikatangazwa kwamba ni Ebola, ya kwanza kugunduliwa katika ardhi ya Marekani. Tarehe 8 Oktoba alifariki. Mwanawe, aliyekuwa akisoma chuoni San Angelo, alikuja Dallas kwa ajili ya baba ambaye hakumwona tangu utotoni, na hawakuonana. Maiti ilichomwa moto. Kwa sisi Waislamu neno hilo ni zito hata kulitamka.

Na mama je? Yeye, mtoto wake mmoja na vijana wawili waliamriwa wasitoke nyumbani kwao katika mtaa wa Vickery Meadow, na askari wakawekwa nje. Mashuka na taulo za mgonjwa zilikuwa bado mle ndani kwa siku kadhaa. Hii, kwa maoni yetu, haikuwa karantini bali kutelekezwa. Wazee wetu wa Zanzibar walikijua kisiwa cha Changuu, ambako abiria wa majahazi na meli walizuiwa mpaka ijulikane kwamba hawana maradhi. Lakini hatujasikia kwamba abiria alilazwa juu ya shuka la mgonjwa.

Tarehe 3 Oktoba alikuja Clay Jenkins, mkuu wa serikali ya Kaunti ya Dallas (huku cheo hicho huitwa Jaji, ingawa kuhukumu si kazi yake kubwa). Aliingia nyumbani mle bila mavazi ya kinga, kwa kuwa alijua kwamba asiyeumwa haambukizi, akawapakia watu wale wanne katika gari na kuliendesha mwenyewe. Walipelekwa katika nyumba iliyotolewa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Dallas. Siku zao zilikwisha tarehe 20 Oktoba, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Wauguzi wawili waliomtibu marehemu ndio walioambukizwa, na wote wawili walipona. Mmoja wao alipewa sehemu ya damu ya Dk. Brantly. Kwa Duncan damu hiyo haikuafikiana na yake.

Lakini vitu vya mama yule vilikuwa vimekwisha kuteketezwa, na alipotafuta nyumba ya kupanga alikataliwa. Amri ya serikali ilikuwa imemwachia, walimwengu hawakumwachia.

Tulilizungumza jambo hili Houston hivi karibuni, baada ya sala ya Isha, na mazungumzo yakawa makali. Bwana mmoja alisema kwamba kumwacha mgonjwa peke yake si desturi yetu wala si dini. Tulimkumbusha kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akarejea kutoka Sargh, na cha Abu Ubayda (r.a.), aliyeitwa na Umar aondoke, akachagua kubaki na watu wake, akafa kwa tauni ya Amwas. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ni kwamba palipo na tauni usiingie, na ukiwa ndani usitoke kwa kuikimbia. Wote wawili, aliyerejea na aliyebaki, walikuwa ndani ya mafundisho hayo. Hata katika kuosha maiti wanavyuoni wameacha nafasi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014, uliotengenezwa kwa kushauriana na mashirika ya dini, uliweka tayamamu mahali pa josho kwa Mwislamu aliyekufa kwa Ebola.

Aliyetunyamazisha ni mama mmoja wa Kikongo, mwenyeji wa Beni. Mji wake na jirani zake, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, walipata Ebola tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287. Alisema mwanzoni watu waliwaficha wagonjwa wao, kwa sababu aliyechukuliwa aliingizwa nyuma ya maturubai na hakuonekana tena. Baadaye vikaletwa vyumba vya plastiki angavu, jamaa wakasimama nje wakimwona mgonjwa wao na kusema naye. Ikaletwa na chanjo, ambayo wanasayansi wa Galveston, mwendo wa saa moja tu kutoka hapa Houston, walikuwa na mkono katika kuiandaa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa.

Na watoto wachanga ambao mama zao walilazwa? Hao, alisema, waliwekwa katika nyumba ya malezi kando ya hospitali, wakalelewa na wanawake waliokwisha kuugua Ebola na kupona. Wanawake hao walikuwa na kinga, basi waliweza kuwabeba.

Yule bwana akauliza: na hapa Houston, serikali ikiifungia familia yetu moja siku ishirini na moja, nyumba ya kuwaweka ni ipi? Tulitazamana. Maaskofu wa Dallas walikuwa nayo. Sisi tuna misikiti miwili mitatu tunayosali, na hakuna aliyejua ufunguo wa chumba cha wageni uko kwa nani. Ameagizwa aulize.