Chaki na tepu huokoa matairi ya trekta kabla ya msimu

MVUA za Kintinku hazina subira. Katika bonde hilo la Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, mvua ni za msimu mmoja. Kwa kawaida huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili. Mkulima wa mpunga, mtama, uwele au alizeti ana wiki chache tu za kulima na kupanda. Udongo wa mbuga ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali, na ukilowa kupita kiasi hunata hadi trekta linazama.

Trekta likisimama siku mbili katika wiki hizo, anayeumia si mwenye trekta peke yake. Anaumia pia kila mkulima aliyekuwa akisubiri zamu yake.

Wenye matrekta wengi hujiandaa kwa msimu kwa kubadili oili, kuchuja dizeli na kukaza plau. Magurudumu ya mbele husahaulika hadi tairi lionyeshe nyuzi. Mara nyingi tairi hilo halikuisha kwa uzee, bali limeliwa kwa sababu alaimenti imeharibika. Kosa hilo linaweza kupimwa kwa chaki na tepu, kwa muda wa saa moja.

Digrii moja yenye gharama

Alaimenti ni namna magurudumu mawili ya mbele yanavyotazamana. Katika matrekta mengi ya zamani yanayovuta kwa magurudumu ya nyuma, ya mbele hutakiwa yabane kidogo kwa mbele, yaani nafasi kati yake upande wa mbele iwe ndogo kidogo kuliko upande wa nyuma. Kwa mengi tofauti hiyo ni kati ya milimita 0 na 6. Mengine huruhusu zaidi, hivyo kitabu cha trekta husika ndicho cha kufuatwa. Trekta linapotembea, magurudumu husukumwa nje kidogo, na mbano huo huyafanya yaende sambamba.

Chukua tairi la 6.00-16, saizi iliyozoeleka mbele ya Massey Ferguson 135. Kipenyo chake ni takriban milimita 730. Kama matairi yamepanuka mbele kwa milimita 25 kuliko nyuma, kila moja limepinda kwa karibu digrii moja. Kwa macho ni kitu kidogo. Lakini katika kila kilometa moja, tairi hilo huburuzwa kando karibu mita 17.

Kulima ekari moja kwa plau linalokata upana wa sentimita 90 ni mwendo wa kilometa 4.5, bila kuhesabu kugeuza. Ekari 10 ni kilometa 45, na kila tairi limeburuzwa kando zaidi ya mita 760. Kwenye udongo laini madhara si makubwa sana. Tairi huliwa zaidi pale trekta hilo hilo linapovuta tela la magunia kwenye lami ya barabara ya Dodoma hadi Singida.

Dalili za kutazama

Pitisha kiganja juu ya mistari ya tairi, kwanza kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume chake. Ukihisi laini upande mmoja na makali upande wa pili, tairi linaburuzwa. Matairi yote mawili yakiisha kingo za nje, yamebana mno. Yakiisha kingo za ndani, yamepanuka. Likiisha moja tu, shuku mkono uliopinda au beringi iliyolegea.

Trekta likivuta upande mmoja wakati wa kulima tu, usikimbilie alaimenti. Huenda plau ndilo lililofungwa vibaya. Lijaribu barabarani likiwa tupu.

Maungio kwanza

Uzalishaji wa Massey Ferguson 135 huko Coventry, Uingereza, ulikoma katikati ya miaka ya 1970. Trekta la umri huo likirekebishwa alaimenti huku maungio yakicheza, kazi hiyo ni bure, kwa kuwa vipimo vitahama siku hiyo hiyo.

Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu makubwa, inua ekseli ya mbele kwa jeki, kisha iegemeze kwenye gogo imara. Usiingie chini ya trekta lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, kagua beringi, kingpini na bushi zake. Litikise kulia na kushoto, huku mwenzako akitazama tairodi endi na boksi la usukani. Badilisha kilichokwisha, kisha tia grisi.

Namna ya kupima

Shusha trekta kwenye ardhi tambarare, na upepo wa matairi ya mbele uwe sawa. Zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu mizunguko, kisha urudishe nusu yake ili uwe katikati. Sogeza trekta mbele kidogo.

Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi, upande wa mbele, kwa kimo cha habu. Pima umbali kati ya alama hizo na uandike. Sasa sukuma trekta mbele hadi alama zile zile zifike nyuma kwa kimo kile kile, upime tena. Kwa kuwa alama ni zile zile, rimu iliyopinda haitakudanganya. Kipimo cha nyuma ukitoa cha mbele ndicho kiasi cha mbano.

Kwa trekta lenye tairodi moja nyuma ya ekseli, legeza nati za kufungia na uirefushe ili kuongeza mbano, au uifupishe ili kuupunguza. Ikiwa mbele ya ekseli, fanya kinyume. Massey Ferguson 135 yenye ekseli iliyoinamia nyuma ina fimbo mbili, moja kila upande. Hapo rekebisha zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utakaa upande. Kaza nati, sogeza trekta, pima tena.

Hesabu ya biashara

Mwenye trekta agawe bei ya matairi mawili kwa ekari alizolima tangu ayafunge. Jibu ni gharama ya matairi kwa ekari, na inapaswa kuwa ndani ya bei anayotoza. Aongeze na siku za kusimama: trekta linalolima ekari nane kwa siku likikosa siku mbili, ni ekari 16 ambazo huenda zikachukuliwa na mwingine.

Mkulima anayekodi naye ana la kufanya. Kabla ya kutoa malipo ya awali, atazame matairi ya mbele. Mfanyabiashara wa vipuri kwa upande wake aweke dukani tairodi endi, beringi na grisi ifikapo Septemba. Mafundi wakimaliza kazi hiyo Oktoba, mvua ya kwanza itayakuta matrekta shambani.