Kasumbalesa ikifungwa, koperative yako inapata ao inapoteza?

Bukari ya Lubumbashi inategemea sana mahindi na unga wa Zambia. Mwezi wa 2, 2024, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwezi wa 8 mwaka uleule ikafunga mpaka na Kongo kwa siku chache, kwa sababu Kongo ilikataza kuingiza bia na vinywaji baridi. Mkulima wa Hewa Bora hakuwa na neno katika ugomvi ule wa bia, lakini unga wake unapita njia ileile.

Jambo ni moja, sura ni mbili. Mwenye mahindi makavu ndani ya depo anapata fursa ya kuuza. Aliyeuza yote wakati wa kuvuna, kwake ni kitisho: anarudi sokoni kununua unga kwa meka, bei ikiwa imepanda.

Njo maana, wandugu, mbele ya mvua ya mwezi wa 11, kwenye mkutano mujiulize:

1. Nini kinatugusa toka inje: mpaka, mvua, bei ya dola, barabara?
2. Kikitokea, nani kati yetu anapata, nani anapoteza?
3. Tufanye nini mapema: kuweka akiba ya mahindi, kununua mbolea pamoja, kuongeza muhogo?

Kisha muchague mutu mumoja wa kufuata bei kila juma, sokoni na kwa madereva wa Kasumbalesa, na kuleta habari kwenye kila mkutano.