Vijana wa Miritini si wavivu

Kazi mbi si mchezo mwema, walinena wahenga wetu wa Pwani. Siku hizi methali hiyo imegeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia vijana. Hapa Miritini ninapoishi, kijana akionekana barazani saa nne za asubuhi, wapitao humwita mvivu, na wako walimu wanaoikariri kauli hiyo madarasani. Naomba tuipime.

Tuazime mizani ya Ulaya. Mwaka 2013, katika kila vijana 100 wa Uhispania waliokuwa wakifanya kazi au kuitafuta, zaidi ya 50 hawakuwa nayo. Wanafunzi wasiotafuta kazi hawamo katika hesabu hiyo. Ugiriki hali ilikuwa mbaya zaidi, ilhali Ujerumani waliokosa kazi hawakufika 10. Je, Mjerumani huzaliwa mchapa kazi na Mhispania mzembe? Kama ndivyo, mbona mwaka 2007 waliokosa kazi Uhispania hawakufika 20 kwa 100? Ni uvivu gani huo uzidio maradufu kwa miaka sita?

Kilichobadilika si tabia. Biashara ya ujenzi wa nyumba iliporomoka kuanzia mwaka 2008, na vijana, ambao wengi wao walikuwa na mikataba ya muda mfupi, wakawa wa kwanza kuachishwa. Ujerumani, ambako uchumi ulistahimili zaidi, kuna pia utaratibu wa uanagenzi: kijana hugawa wakati wake baina ya karakana ya mwajiri na chuo cha ufundi, na mwajiri humlipa. Amalizapo huwa na cheti na uzoefu pamoja.

Hapa kwetu mambo si tofauti. Kituo kikuu cha reli mpya kilifunguliwa Miritini mwaka 2017. Mwaka 2019 serikali ikaamuru makasha yaendayo bara yabebwe kwa reli. Utingo, fundi wa magurudumu na muuza chai, ambao wote huishi kwa malori, wakaona riziki yao ikitishika. Mwaka 2022 serikali mpya ikatangaza kuirejesha Mombasa shughuli ya kutoa mizigo. Amri hizo hazikumfanya kijana yeyote kuwa mvivu wala hodari; ziligusa tu mahali anapopatia kazi.

Mwanafunzi wa ufundi huhangaika ofisi hata ofisi akiomba nafasi ya mazoezi, na mara nyingi akiipata hujigharimia nauli. Makampuni ya Changamwe na Bandari yetu yakiwafungulia vijana wa mitaa hii uanagenzi wenye malipo, hapo ndipo tutakapoweza kuupima uvivu kwa haki.

Walimu wenzangu, tufundishe methali pamoja na hesabu. Nanyi wanafunzi, mkiitwa wavivu, jibuni kwa adabu: tuonyesheni kazi kwanza, kisha mtuhukumu.